Usivunje Kioo

Neno la wiki: Yohana 10:1-10, Marko 2:1-12, Ufunuo 3:7-8, 20

Wiki hii tuzungumze juu ya milango.

Katika Yohana 10 Yesu anatuonyesha zizi la kondoo. Kuna mchungaji, kuna bawabu, na kuna yule anayekwepa mlango na kuruka ukuta. Sasa sikia: mchungaji anataka kuingia, na mwizi pia anataka kuingia. Hamu yao ni moja. Kinachowatenganisha ni njia. Sisi wa Tseikuru hatuhitaji kuchorewa picha. Boma la mbuzi lina mlango mmoja wa miiba. Ukiamka asubuhi ukute miiba ya nyuma imesukumwa, huulizi nani alikuja. Unaanza kuhesabu mbuzi.

Lakini kuna swali gumu zaidi. Je, mtu akiwa na haki ya kuingia, na ufunguo hana? Afanyeje?

Mama mmoja wa ushirika wetu alifiwa na mume. Mzee aliacha Land Rover ya zamani, Series III, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, na nyingine zikaunganishwa hapa hapa kwetu, Thika. Gari lilisimama chini ya mkwaju miaka minne, milango imefungwa. Ufunguo ulipotea siku za matanga, na hakuna aliyejua ulikoenda. Ndani, chini ya kiti, kulikuwa na kisanduku cha bati ambamo mzee aliweka karatasi zake, logibuku ikiwemo.

Unajua mambo ya familia. Mama alisema humo mna karatasi tu. Mashemeji wakasema humo mna pesa. Ndugu mkubwa wa marehemu alikuwa akidai mbuzi sita aliokuwa amemkopesha mdogo wake, na mama alikuwa hajui lolote kuhusu deni hilo. Maneno yakawa mengi, salamu zikaisha. Siku moja yule ndugu akaja na nyundo. "Kioo ni kioo tu," akasema. "Tuvunje, tuone, tumalize."

Nikaitwa. Nilimwambia, "Mzee, gari hili halikimbii. Tupe siku tatu." Pia nikamkumbusha kwamba Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kuigusa mali ya marehemu bila idhini ni kosa. Tukakubaliana hivi: mzee wa kijiji awepo, pande zote mbili ziwepo, gari lifunguliwe mchana peupe, kila kitu kiandikwe, na mtu asiondoke na kitu hadi mambo yafike mahakamani. Kisha tukatafuta fundi.

Wapendwa, yule fundi alihubiri siku ile, na hata Biblia hakuwa ameshika.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Gari ni la nani?" Hakugusa chombo chochote kabla ya kujibiwa mbele ya mashahidi. Ujuzi wa kufungua ni ule ule kwa fundi na kwa mwizi. Fundi huuliza kwanza. Mwizi hana haja ya kuuliza.

Pili, alizunguka gari lote. Akajaribu mlango wa dereva, wa abiria, wa nyuma, polepole, bila kuvuta kwa hasira. Sisi wangapi tumelia miaka mbele ya mlango mmoja, hatujazunguka kuona mwingine? Umemwomba ndugu yako msamaha kwa simu, akakata. Je, umemtuma mjomba? Umeenda kwake na miguu yako?

Tatu, alikagua kufuli. Akatueleza kwamba ndani ya kufuli la mlango wa gari la zamani kuna vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja na springi yake. Ufunguo usio wake ukiingia, vinabaki vimejitokeza na kufuli halizunguki. Ule wa kweli ukiingia, vinajipanga vyote sawa, ndipo linageuka. Na ufunguo unavipangaje? Kwa mapengo yake! Bapa la chuma ambalo halijakatwa halifungui kitu. Zile sehemu zilizotolewa kwa tupa ndizo zinazofanya kazi. Mpendwa, unaumia kwa kile ulichokatwa. Ulifiwa, ulinyimwa, ulipitia njaa. Lakini kuna moyo hapa Tseikuru ambao hautafunguka kwa mtu mzima asiye na pengo. Utafunguka kwako.

Nne, kwa kuwa ufunguo haukuwepo, fundi aligeukia dirisha. Land Rover za aina ile vioo vyake vya mlangoni havipandi na kushuka. Vinateleza mbele na nyuma katika mfereji mwembamba. Alichungulia akasema kishikio cha kioo hakijabanwa. "Kwa hiyo kimefungwa na nini?" tukauliza. Akajibu, "Vumbi." Vumbi la miaka minne, vumbi letu jekundu, lilikuwa limeshindilia ule mfereji hadi kioo kikasimama kama kimejengewa. Hapakuwa na kufuli pale. Ni vumbi tu!

Basi akaketi. Brashi, kijiti, maji ya sabuni, mafuta kidogo. Anachokonoa, anapuliza, anajaribu. Yule ndugu wa nyundo akasimama pale akitikisa kichwa: "Kazi ya dakika moja inachukua nusu siku!" Fundi hakujibu. Baada ya adhuhuri kioo kikasogea kidole kimoja, kisha viwili. Mwishowe akapitisha mkono, akafikia komeo la ndani, na mlango ukafunguka. Hata mkwaruzo haukuwepo.

Kisanduku kilifunguliwa mbele ya wote. Pesa hazikuwemo. Kulikuwa na logibuku, karatasi za bima, na daftari dogo la madeni. Mzee wa kijiji akasoma kwa sauti. Ukurasa mmoja, mwandiko wa marehemu mwenyewe: mbuzi sita wa kaka yangu, sijalipa.

Kimya kikatanda. Ndugu alikuwa akisema kweli, na mama hakuwa akidanganya. Mama akamgeukia, akasema, "Shemeji, nimeona. Mungu akinisaidia, watalipwa." Yule mzee mwenye nyundo akavua kofia.

Sasa fikiri nami. Kama kioo kingevunjwa, lile daftari lingekuwa na uzito gani? Mama angesema, "Umeliandika wewe, ukalitia humo." Kweli ile ile, mwandiko ule ule, na isingeaminika kwa sababu ya njia iliyotumika kuifikia. Nyundo ingemnyima yule ndugu mbuzi wake. Kuna watu wanaharibu haki yao wenyewe kwa sababu hawawezi kungoja nusu siku!

Mke anavunja simu ya mume usiku kutafuta ukweli. Baba anapiga kijana ili aseme yaliyo moyoni. Ndugu anang'oa mpaka wa shamba kabla kesi haijasikizwa. Labda wana haki. Lakini kioo kimevunjika, na sasa mazungumzo yote ni ya kioo.

Mtu ataniuliza, "Pasta, na wale wanne wa Marko 2 waliobomoa dari?" Swali zuri. Wale walikuwa wamebeba mtu asiyeweza kutembea, na hawakutafuta chao humo ndani. Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Ukiona mtoto amefungiwa ndani ya gari kwenye jua hili letu, usiite kikao, wala usitafute brashi. Gari lililofungwa juani hupata joto haraka mno, na mtoto anaweza kufa. Vunja kioo cha mbali naye, mtoe, piga kelele upate msaada. Kioo hununuliwa. Vivyo hivyo, nyumba ambamo mama anapigwa au mtoto anateswa si mahali pa kusema "tungoje". Ita chifu, ita polisi, ingia. Upole wa kungoja ni kwa ajili ya mali na heshima zetu. Uhai haungoji.

Na sasa tumtazame Bwana. Ufunuo 3 inatupa mambo mawili yanayoshangaza yakikaa pamoja. Katika mstari wa 7, Yesu ndiye mwenye ufunguo wa Daudi. Akifungua hakuna wa kufunga. Ukishuka hadi wa 20, Yesu huyo huyo amesimama nje ya mlango, anabisha. Mwenye funguo zote anabisha! Haki anayo, maana alikuumba, na akakununua kwa damu. Nguvu anazo. Lakini moyo wako hauvunji. Anataka akiingia mle chakula pamoja, si uokote vipande vya kioo.

Huenda moyo wako haukufungwa kwa kufuli. Hukuwahi kusema, "Simtaki Mungu." Ni vumbi tu limeingia. Jumapili moja hukuja, kisha nyingine. Neno moja la mtumishi lilikuuma ukanyamaza. Mvua ilikosa misimu ikifuatana ukaacha kuomba. Leo husogei, na wewe mwenyewe unadhani umekufa kiroho. La! Roho Mtakatifu ana subira ya fundi. Mruhusu aketi nawe. Kidole kimoja leo, viwili kesho.

Kazi ya wiki hii: chagua mlango mmoja wa jamaa yako uliofungwa. Jiulize kwanza kama una haki ya kuuendea. Tafuta shahidi mwema. Weka nyundo chini. Kisha anza na vumbi: salamu, ziara, kilo mbili za unga, neno la pole.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliye mlango, tunakuja. Safisha mifereji ya mioyo yetu. Wape wajane haki yao na yatima sauti. Tufundishe kungoja penye kungoja, na kukimbia penye uhai wa mtu. Na unapobisha usiku huu, mkono wetu ulifikie komeo la ndani. Kwa jina la Yesu, amina.