Rudi Kabla Hujaandika Kipakiaji cha Pili!

Toa mkono kwenye kibodi! Wewe kijana wa Oyugis unayeandika kerneli yako usiku, wakati soko limefungwa na magari ya Kisii yamepungua barabarani, nisikilize kabla hujaongeza mstari mwingine.

Unajua unachokifanya. Fanksheni ya kufungua faili ya ELF, muundo wa faili za programu, unayo tayari. Inasoma kichwa cha faili, inakagua sehemu zake, inazipanga kwenye kumbukumbu. Umeihangaikia mpaka ikakubali. Na sasa, kwa sababu unataka kupakia maktaba, umefungua faili tupu uanze kipakiaji kingine!

Kwa nini? Kwa nini uandike kasoro zilezile upya? Kwa nini uzitafute upya, uzililie upya?

Usiniambie kwamba umenakili tu. Kunakili ndiko kunakoangamiza! Ukinakili, siku hiyo mambo yanafanana. Kesho utarekebisha moja na nyingine utaisahau. Mwenye duka pale stendi akibadilisha kufuli la mlango wa mbele, na ule wa nyuma akauacha na kufuli bovu, amelinda nini?

Tazama mstari mmoja tu. Katika xv6, kerneli ndogo ambayo MIT iliiandika mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia, kuna faili exec.c. Ndani yake anwani ya mwanzo ya sehemu inajumlishwa na ukubwa wake, na jumla ikiwa ndogo kuliko ile anwani, faili inakataliwa papo hapo. Unaona ni kichekesho? Jumla itapunguaje? Basi jumlisha 4,294,963,200 na 8,192 kwenye namba ya biti 32. Jibu ni 4,096! Namba imezunguka, imerudi chini, na faili yenye hila inakudanganya kwamba inaishia mahali salama. Mstari huo umo kwenye kipakiaji chako cha kwanza. Je, umo kwenye hiki unachokiandika kwa haraka saa saba usiku?

Na baiti za sifuri je? Sehemu inayodai kumbukumbu nyingi kuliko baiti zilizomo kwenye faili lazima nafasi iliyobaki ijazwe sifuri. Ukisahau, programu mpya itasoma mabaki ya programu nyingine. Ulilikumbuka hilo mara ya kwanza. Utalikumbuka mara ya pili?

Usiseme wakubwa hawaponzwi. Mnamo Aprili 2015 kasoro ilirekebishwa katika load_elf_binary, fanksheni ya Linux inayopakia programu. Kerneli haikutenga nafasi ya kutosha kwa programu zinazoweza kuwekwa kwenye anwani yoyote, na sehemu ya mwisho ya programu kubwa ingeweza kuangukia karibu na staki. Marekebisho yakakubaliwa. Yakawekwa wazi kwa wote. Yakamalizika!

Yalimalizika kwa nani? Kerneli za muda mrefu za CentOS na Red Hat zilibeba nakala ya zamani, na marekebisho hayakufika kwa wengi. Septemba 2017 kampuni ya Qualys ikaonyesha kwamba mtumiaji wa kawaida angeweza kuipitia kasoro hiyohiyo na kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Zaidi ya miaka miwili! Jibu lilikuwepo, na waliobaki na nakala yao walilala mlango ukiwa wazi.

Simu za Android zilizo mikononi mwa mawakala wa M-PESA na waendesha boda wa Oyugis zina kerneli ya Linux ndani yake. Ukiziwasha, load_elf_binary inaanza kazi kabla hujagusa skrini. Si mchezo wa wanafunzi huu. Ni pesa za watu!

Njia iko, na wenzako wameshaipita. Linux ilihitaji kupakia programu za biti 32 kwenye kerneli ya biti 64. Mwaka 2008 Roland McGrath hakuandika kipakiaji kipya. Faili yake, compat_binfmt_elf.c, inabadilisha aina za data na majina machache, kisha mwishoni inaijumuisha binfmt_elf.c nzima, ileile, bila kuinakili. Kipakiaji kimoja, upana wa aina mbili. Na mwaka 2023 Eric Biederman akaandika elf_load, na Kees Cook akahakikisha programu kuu na ile inayounganisha maktaba, zote mbili, zinapitia fanksheni hiyo moja, sifuri zikijazwa mahali pamoja. Msimbo wenye zaidi ya miaka ishirini, na bado walirudi!

Najua utanitajia kipakiaji cha kuwashia. Ni kweli: sekta ya kwanza ya diski ina baiti 512, na xv6 yenyewe, katika toleo lake la x86, ina msomaji wa pili wa ELF, mdogo, ndani ya bootmain.c. Hapo nafasi inakulazimisha. Lakini ukishaingia ndani ya kerneli, nani anakulazimisha? Usijifiche nyuma ya baiti 512 nawe una megabaiti nzima!

Basi rudi usiku huu! Usingoje likizo, usingoje mradi umalizike, usingoje mtu akuharibie. Fungua fanksheni ya zamani. Toa ndani yake ile sehemu inayokagua na kupanga, uipe jina lake, uifanye ipokee faili na anwani. Ielekeze programu huko, ielekeze maktaba huko, ielekeze moduli huko. Kisha ifute ile mpya. Ifute yote!

Ukimaliza, tengeneza faili mbovu kwa makusudi: ukubwa wa kwenye kumbukumbu uwe mdogo kuliko ukubwa wa kwenye faili. Ipeleke kama programu. Ipeleke kama maktaba. Ipeleke kama moduli. Ikikubaliwa hata mara moja, kuna nakala imebaki mahali. Itafute!