Askari wa Filipi Alipochomoa Upanga

Somo: Matendo 16:25–34. Soma pia 1 Wafalme 19:1–8.



Tukifika Matendo 16, wahubiri wengi tunakimbilia nyimbo za usiku wa manane na milango iliyofunguka. Leo nataka tumtazame yule mlinzi wa gereza. Ni mtu wa kazi, afande aliye zamu. Anaamka, anakuta milango iko wazi. Anajua kinachomngoja, maana Petro alipotoka gerezani Herode aliamuru walinzi wauawe (Matendo 12:19). Basi anachomoa upanga ajiue. Hakumwambia mtu. Ni jambo la dakika moja tu.

Sasa angalia Paulo alifanya nini, na alianza na nini.

Kwanza, alipaza sauti. Hakungoja kuona itakuwaje, wala hakusema hayo ni mambo yake binafsi. Pili, alimkataza waziwazi asijidhuru. Tatu, alimwambia kwamba wote wako mle ndani, hakuna aliyetoroka. Taa ikaletwa. Mtu akatetemeka, akauliza, akasikilizwa. Hapo ndipo habari ya wokovu ilipoingia, na usiku huohuo vidonda vikaoshwa na chakula kikaandaliwa. Uhai uliokolewa kwanza, mahubiri yakafuata. Kama upanga ungeingia, ubatizo ule ungekuwa wa nani?

Hata Eliya alipoomba afe, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena.

Mwaka wa 2011 Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la Kikristo la World Vision na wenzao, walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Umejengwa juu ya mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na nani amezidiwa. Sikiliza bila kumlazimisha aseme. Muunganishe na familia yake na wanaoweza kumsaidia zaidi. Huhitaji kuwa daktari. Mwalimu anaweza, muuguzi anaweza, askari na mchungaji wanaweza, ila ni lazima wafundishwe.

Na hapa Mandera tunajua kwa nini. Novemba 22, 2014, watu 28 waliuawa katika basi la kwenda Nairobi, walimu wengi wakiwa miongoni mwao. Siku kumi baadaye, Desemba 2, wafanyakazi 36 waliuawa kwenye machimbo ya mawe. Aprili 2015 tukalia na Garissa kwa ajili ya watu 148. Kila mara kuna aliyebeba miili, aliyeandika majina, aliyepigia wazazi simu. Kesho yake akarudi kazini. Nani alimuuliza analala vipi? Wengi wenu familia ziko Kisii, Machakos, Busia. Mnarudi jioni kwa chumba kimoja na simu. Afande ana bunduki mle ndani. Wapendwa, upanga wa Filipi uko karibu nasi.

Kwa hiyo tukimwona ndugu amebadilika, halali, hali, anagawa vitu vyake, anasema amechoka kuishi, tufanye hivi. Tumuulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Tusimwache peke yake. Tuondoe silaha, kamba, sumu ya wadudu na dawa nyingi karibu naye. Kama ni askari, mkubwa wake aombwe aitunze bunduki kwa siri na kwa heshima. Halafu tumsindikize hospitali ya rufaa ya kaunti, au tupige 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Na aliyechanganyikiwa, anayesikia sauti? Msimzunguke kumi mkipiga kelele. Msimfunge kamba. Mmoja azungumze naye polepole, wengine waondoe umati. Tutamwombea, amina, tena sana. Lakini mtu yeyote wa kanisa hili asimwambie mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alisafiri naye.

Kuna waliokuwa wakificha kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kama mahakama imeona huyu anahitaji msaada kuliko pingu, kanisa litamwita mwenye dhambi isiyosemeka mpaka lini?

Ombi langu kwa wazee wa kanisa ni hili: kila idara, kina mama, vijana, waongoza ibada, itoe watu wawili wafundishwe na wahudumu wa afya. Na tujifunze pamoja na majirani zetu Waislamu. Desemba 21, 2015, basi la Mandera lilipovamiwa, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Aliyesimama nawe mbele ya bunduki, utakosaje kukaa naye darasani?

Na wewe unayesoma ukiwa na upanga mkononi, ndugu yangu, dada yangu: usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo. Nipigie hata saa nane usiku, nitaamka.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona gizani na sauti ya kupaza kwa wakati. Watunze walio zamu usiku huu. Rudisha usingizi kwa walioupoteza. Katika jina la Yesu, amina.