Umati wa Isinya

Tarehe 30 Machi 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alikutwa mchana kweupe Isinya, Kajiado, nje ya Mbuga ya Nairobi. Alikuwa na miaka 13 hivi, umri wa uzee kwa dume. Habari ikasambaa, watu wakafurika kwa miguu na kwa bodaboda, wakamzingira. Honi zikalia, simu zikainuliwa, kila mtu akitaka picha. Simba akakosa pa kupita. Akamrukia mwanamume mmoja, akamjeruhi, na askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) wakampiga risasi hapohapo. Hawakuwa na dawa ya kumlaza, na daktari wa wanyama alikuwa hajafika.

Askari walilaumiwa sana, na walistahili. Umati haukulaumiwa vya kutosha.

Inauma zaidi ukikumbuka kazi iliyofanyika katika mbuga hiyohiyo. Mtafiti Judith Rudnai aliwafuatilia simba wa Nairobi, na mwaka 1970 yeye na Colin Pennycuick wakachapisha njia ya kumtambua simba mmoja mmoja kwa vidoa vya shavuni, pale masharubu yanapoota. Mpangilio wa vidoa hivyo haubadiliki simba akikua, na watafiti wanautumia mpaka leo. Ni kazi ya subira: gari limezimwa, darubini iko jichoni, mtu kimya anangoja mnyama ageuze shavu. Simba aliyeachiwa nafasi yake humvumilia binadamu wa namna hiyo. Wa Isinya hakuachiwa.

Mfugaji aliyevamiwa usiku ni habari nyingine, na hasira yake naielewa, kwa kuwa mbuzi ndio karo ya mtoto. Juni 2012, huko Ilmasin, Kitengela, simba sita waliuawa baada ya kuvamia boma. Lakini hata huko dawa ipo. Richard Turere, mtoto wa wafugaji wanaopakana na mbuga, alikuwa na miaka 11 alipounganisha betri ya gari na taa za kumwekamweka kuzunguka boma la baba yake, simba wakaliogopa.

Kwa hiyo wewe wa Entarara, wa Kitengela, wa Isinya: ukimwona simba mchana, rudi nyuma bila kukimbia. Mwachie upande wa kichakani uwe wazi. Wapigie KWS, kisha waite wazee wawaweke vijana wa bodaboda mbali kabisa. Na picha, tafadhali, acheni.