Waridi Nisilolijua
Somo: Waebrania 12:14-15



Kuna waridi jekundu nililinunua kwa nasari ya miche kando ya barabara hapa Makindu. Mwaka wa kwanza lilichanua vizuri, kisha kiangazi kikalipiga. Mvua iliporudi, likachipua kwa nguvu, majani tele. Nikamshukuru Mungu. Lakini maua yakaja madogo, yamepauka. Nikauliza majirani, hili ni waridi gani? Kila mtu akataja jina lake.

Dada mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha akaja kututembelea. Ua hakuliangalia hata! Alipiga magoti, akafukua udongo kwa kidole, akaniuliza, "Pastor, hili tawi limetokea wapi?"

Lilitokea chini ya kovu la kupandikizia.

Wakulima wa Makueni, mnaelewa. Mwembe wa kupandikiza una mzizi wa kienyeji, na juu ni Apple au Kent. Waridi ni vivyo hivyo. Naivasha wengi hutumia mzizi uitwao Natal Briar, na dada akasema huenda hata langu ni hilo. Mzizi ulikuwa umechipua wenyewe, ukanywa maji yote. Waridi langu halisi lilikuwa limebaki kijiti kimoja chembamba.

Kumbe misimu miwili nanyeshea mwitu, tena kwa maji ya kununua, nikiuita baraka!

"Basi nikate?" nikauliza.

"Ukikatia juu litachipua zaidi. Fukua, uling'oe pale lilipotokea."

Usiku ule sikulala. Watu huniona nimestawi: kesha, semina, mikutano. Lakini kijana wangu alikuwa na miezi minane hajaongea na mimi, kwa maneno niliyomtupia kwa hasira. Hasira hiyo nilikuwa nimeipa jina zuri. Niliiita msimamo. Mwandishi wa Waebrania anaiita shina la uchungu.

Asubuhi nikampigia simu. Sikuanza na mahubiri. Nilisema, "Mwanangu, nilikukosea." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sawa, baba."

Bado hajaja nyumbani. Waridi nalo halijachanua. Lakini mwitu nimeung'oa, na kile kijiti nakinyeshea.

Mpendwa, wiki hii usihesabu majani. Piga magoti, ufukue, ujiulize: hili ndani yangu limetokea wapi? Halafu mtafute yule uliyemuumiza.

Mungu awabariki. Amina.