Je, Mtoto Anadaiwa Shukrani?

Watoto wengi waliofiwa na wazazi, au ambao wazazi wao wamekwenda mbali kutafuta riziki, hawapo katika vituo vya yatima. Wako kwa bibi, kwa shangazi, kwa mjomba. Ni jambo la kujivunia. Lakini ndani ya nyumba hizo imejikita fikra moja inayofaa kuhojiwa: kwamba mtoto huyo amefanyiwa hisani.

Anayefanyiwa hisani hana la kudai. Akipewa, anashukuru, akinyimwa, ananyamaza. Mtazame binti wa miaka kumi anayeishi kwa mama mdogo. Alfajiri yuko bombani na ndoo, wenziwe wamelala. Usiku anasugua masufuria kwanza, ndipo ashike daftari. Mgeni akimuuliza kama anaishi vizuri, anamwangalia mama mdogo usoni kabla ya kujibu "ndiyo". Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya binti huyu ni shukrani anayotakiwa kuionyesha kila siku. Mtu mwenye nia mbaya naye anaijua kamba hiyo. Ndiyo maana mtoto anayeshikwashikwa na jamaa usiku hasemi. Akisema, atalala wapi?

Deni huwa na mkopaji, na mtoto hakukopa kitu. Hakuchagua kufiwa. Aliyemchukua mtoto wa marehemu dada yake amerithi wajibu, na wajibu haulipwi na anayetimiziwa. Mtoto wa kuzaa haulizwi thamani ya ugali anaokula. Kwa nini huyu aulizwe? Shukrani ina heshima pale tu inapotoka kwa mtu ambaye angeweza pia kulalamika, na akasikilizwa.

Yupo bibi atakayenijibu, naye ana haki ya kujibu: anauza vitumbua, magoti yanamuuma, wajukuu ni wanne. Haki za mtoto sawa, lakini unga ataleta nani? Kumtetea mtoto huku bibi akiachiwa mzigo peke yake ni dhuluma nyingine. Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha kaya zinazolea yatima, na Sheria ya Watoto ya 2022 inayatambua malezi ya jamaa. Ndivyo inavyopasa. Mlezi anayesaidiwa na jamii hana sababu ya kumdai mjukuu fadhila.

Nasi majirani hatuna pa kujificha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mtaa wake. "Mambo ya ndani ya ukoo" si udhuru. Mwalimu, imamu, mchungaji, jirani: muulize mtoto huyo akiwa peke yake, mlezi hayupo, kisha uamini unachosikia. Simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kuipiga ni bure.