JUMANNE: Uzi Mpya Hulegea

Soma Matendo 13:13, 15:36–40, 2 Timotheo 4:11.

Hadi miaka ya 1940, nyuzi nyembamba za gitaa la klasiki zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Kisha ikaja nailoni, ile ile anayoijua mvuvi wa Mwaloni, Mwanza, kwenye mshipi wake. Nailoni mpya hunyooka. Mpigaji ataikaza Jumatano ikawa sawa kabisa. Ijumaa, kwaya inapofungua Sabato, sauti imeshuka. Atakaza tena, itashuka tena, siku kadhaa, mpaka itulie. Asiyejua husema uzi ni mbovu, akaung'oa. Akifunga mwingine, kazi inaanza upya. (Mbovu hasa ni ule wa zamani, uliolika penye vyuma vya shingo, ambao kila mtu ameuzoea.)

Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia. Paulo alikataa kumchukua tena, na sababu alikuwa nayo. Barnaba akamchukua, wakasafiri kwenda Kipro. Biblia haisemi Barnaba alimwambia nini njiani. Lakini Paulo, akiwa kifungoni, ndiye aliyeagiza Marko aletwe.

Mikutano ya injili ikiisha, waliobatizwa ziwani huanza kukosekana Sabato ya tatu, ya nne. Mara nyingi baraza huulizia majina yao wakati wa kusafisha orodha tu.

Je, ni nani katika darasa lenu alibatizwa mwaka huu na hajaonekana Sabato mbili? Nani atamtembelea kabla ya Ijumaa?