Neno la tabibu

Katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Aya hazikutaja kisukari wala ugonjwa wowote kwa jina. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu wa pwani, wakajiuliza mgonjwa huyo atajulikanaje. Wakasema atajijua mwenyewe kwa yaliyokwisha kumpata, au ataambiwa na tabibu mwaminifu.

Mimi ni tabibu, zahanati yetu iko Kariakoo, na jibu hilo huninyima usingizi kila Shaabani ikiingia. Maana yake hukumu ya dini inasimama juu ya neno langu. Nikimkataza anayeweza, nimemnyima ibada yake. Nikimwambia funga tu, Mungu atakusaidia, nimeshuhudia nisilolijua. Uaminifu huo nauona una sharti la elimu ndani yake, na elimu ya kisukari haikai mahali pamoja.

Chuoni tulipewa sentensi moja: mwenye kisukari asifunge. Wagonjwa hawakuisikiliza. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanywa 2001 katika nchi 13, ulikuta karibu wanane kati ya kumi wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku 15 au zaidi. Ndani ya Ramadhani visa vya sukari kushuka vibaya viliongezeka. Walifunga bila sisi, ndiyo habari yenyewe.

Kwa hiyo mafunzo endelevu nayaona kama sehemu ya swala zangu. Humo nilijifunza mwongozo wa 2021 wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, unaompa kila mgonjwa alama zake: dawa anazotumia, figo, sukari iliyowahi kumwangusha, kazi anayofanya. Hadi alama 3 hatari ni ndogo. Zikipita 6, anashauriwa asifunge. Mama anayetumia dawa ya metifomini peke yake, sukari yake imetulia, anafunga, na anayemkataza anamwonea. Wanazuoni nao wamekubali kwamba kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Hilo peke yake lingeokoa watu, maana wengi hukataa kupimwa mchana.

Sasa mzee wangu mmoja, msukuma mkokoteni wa mitaa ya Msimbazi na Kongo. Alikuja na vidonge vya glibenklamaidi amevifunga kwenye pembe ya leso.

"Nimeshavipanga, dokta. Vyote daku."

Dawa ile huikamua kongosho itoe insulini, umekula hujala. Aimeze yote alfajiri, halafu asukume magunia juani tumbo tupu!

"Mzee wangu, saa tisa ukianza kutetemeka na jasho jembamba, utafungua?"

"Saa tisa, mwanangu? Na magharibi ile pale?"

Hapo ndipo penye ugumu, na hakuna mashine inayoupima. Mwongozo unasema sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L au juu ya 16.6, fungua papo hapo. Lakini mtu aliyevumilia tangu alfajiri, wenzake wote kijiweni wamefunga, anaona kufungua saa tisa ni kuwasaliti. Ruhusa ameipata kwa Mola. Haya anawaonea watu. Sijaona semina ya kisukari inayoligusa hilo, na ningependa masheikh wawe wanaalikwa.

Alama zake zilipita 6, na sukari ilishamwangusha barabarani. Nikamwambia asifunge. Akanyamaza, kisha akauliza kama nitasimama naye kesho kwa Mungu kwa neno hilo. Nikasema nitasimama. Tukabadilisha dawa, tukazungumza habari ya fidia, maana ugonjwa wake si wa kupona akalipa: kibaba kimoja cha mchele kwa kila siku. Akahesabu kwa vidole bei ya sokoni, akaona anaiweza.

"Naweza kumpa mwenzangu wa mkokoteni? Hali yake mbaya kuliko yangu."

Nikamwambia hilo amuulize sheikh.